Mkono Unaoonekana: Historia ya Kuchora kwenye Gemu la Mkononi



Kila aliyewahi kuhudhuria usiku wa hina anaijua hali hii. Bi harusi amekaa kwenye mkeka, mikono ameilaza juu ya mto, na mchoraji amemwinamia na koni yake. Sisi wengine tumemzunguka, tunakula, tunacheka, tunapiga vigelegele. Baada ya saa mbili tatu mikono imejaa maua na majani hadi kwenye viwiko, na kila mmoja anatoa simu kupiga picha. Kesho yake binti wa miaka kumi na minne anaifungua ile picha na kujaribu kuiga ua moja tu. Anashindwa. Ua analiona vizuri, lakini hajui lilianzia wapi. Ulitangulia mduara wa kati, au majani ya pembeni? Ule mstari unaoanza mnene na kuishia na ncha kama ya sindano, koni iliminywa vipi? Picha inamwonesha kazi iliyokwisha. Mkono wenyewe haumo.

Ndiyo maana bibi zetu walipoulizwa, "Bibi, hapa umeanzaje?" hawakueleza kwa maneno mengi. Walisema, "Sogea hapa karibu, mwanangu, utizame."

Leo tunakuleteeni historia ya kifaa ambacho pengine kimelala kwenye droo ya mmoja wenu, kimeachwa na watoto waliokua. Ni gemu dogo la Kijapani, la kushika mkononi, ambalo kwa miaka kadhaa lilifanya kazi ile ile ya bibi: liliwaonesha watu mkono wa mchoraji, mpigo kwa mpigo, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Historia yake haizidi miaka ishirini na kitu. Ndani yake mna ustadi, mna suala la haki ya mwenye kazi, na mna hasara ambayo sisi wanawake tunaopenda hina tunapaswa kuitazama kwa makini.

Kabla ya gemu

Kuchora kwa mkono juu ya kioo cha kompyuta si jambo la jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa katika chuo cha MIT huko Marekani, alionesha programu yake iliyoitwa Sketchpad. Mtumiaji alishika kalamu inayohisi mwanga, akaisogeza juu ya kioo, na mistari ikatokea hapo hapo. Ilikuwa ajabu kubwa kwa wakati ule. Lakini kompyuta yenyewe, iliyoitwa TX-2, ilikuwa mashine kubwa ya maabara. Si kitu cha kuweka mezani, seuze mfukoni.

Miongo iliyofuata ilileta kompyuta za nyumbani, na pamoja nazo vibao maalumu vya kuchorea. Mchoraji aliweka kibao mezani, akachora juu yake kwa kalamu, huku macho yakiwa kwenye kioo mbele yake. Mkono ulikuwa huku na mstari ulikuwa kule. Waliozoea walifanya kazi nzuri sana, lakini ilihitaji kompyuta, kibao, meza na fedha. Msichana wa skuli asiye na vitu hivyo alibaki na penseli na daftari lake.

Upande wa michezo, kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, ilikwishatoa Game Boy mwaka 1989. Nintendo ni kampuni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Ilianzishwa mwaka 1889 kutengeneza hanafuda, karata za Kijapani zenye picha za maua na mimea ya miezi kumi na miwili ya mwaka. Kwa hiyo kabla ya umeme wa michezo kulikuwa na maua yaliyopakwa rangi kwenye karata ndogo. Lakini Game Boy ilikuwa ya vitufe. Kidole gumba kilibonyeza juu, chini, kushoto, kulia, na mkono wa kuchora haukuwa na pa kuingia.

Kioo kilichokubali kalamu

Mwisho wa mwaka 2004, Novemba huko Marekani na Desemba huko Japani, Nintendo ilitoa gemu jipya lililoitwa Nintendo DS. Lilifunguka kama kiboksi cha poda, na ndani lilikuwa na vioo viwili, kimoja juu na kimoja chini. Kile cha chini kiliguswa kwa kalamu ndogo ya plastiki iliyochomekwa kwenye gemu lenyewe. Mwaka 2006 likaja toleo jembamba zaidi, DS Lite. Matoleo yote ya DS yakijumlishwa, yaliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Watu wengi mno walijikuta wameshika kioo na kalamu bila kukusudia kuwa wachoraji.

Hapa tueleze kidogo jinsi kioo kile kilivyofanya kazi, maana siri ya hadithi yetu imo humo. Kioo cha simu zetu za leo huhisi mabadiliko madogo ya umeme wake chenyewe pale kidole kinapokigusa, ndiyo maana ukivaa glavu nzito hakikusikii. Kioo cha DS kilihisi mgandamizo. Kilikuwa na tabaka mbili nyembamba zinazoonyesha upande wa pili, kila moja imepakwa utando unaopitisha umeme, na katikati yake pana nafasi ndogo sana. Ukigusa kwa kalamu, tabaka ya juu inabonyea na kukutana na ya chini. Gemu linapima umeme mahali zilipokutana na kujua umegusa wapi.

Lakini kuna jambo la pili. Ukikandamiza zaidi, sehemu iliyokutana inapanuka na umeme unapita kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo kioo kile kiliweza kutoa pia dalili ya nguvu ya mkono. Michezo mingi iliuliza swali moja tu: umegusa wapi? Swali la pili, umekandamiza kiasi gani, lilikaa bila mwenye kuliuliza.

Nintendo wenyewe waliweka ndani ya kila DS kijiprogramu cha kuandikiana kilichoitwa PictoChat. Waliokuwa karibu na wenye DS zao waliweza kuingia kwenye chumba kimoja, hadi watu 16, na kutumiana maandishi na vichoro vya mkono bila intaneti na bila gharama. Watoto walichorea humo wakiwa kwenye basi na nyuma ya madarasa. Vichoro vilikuwa vyeusi, vidogo na vya haraka. Ukizima gemu, vyote vimekwenda.

Mtu aliyeuliza swali la pili

Mwaka 2007 mtengenezaji wa michezo kutoka Uswidi, Jens Andersson, alitoa programu aliyoiita Colors!, pamoja na ile alama ya mshangao. Kazi yake ya kila siku ilikuwa michezo mikubwa ya kompyuta. Hii aliifanya kwa mapenzi yake mwenyewe na akaitoa bure. Ilikuwa programu ya kupaka rangi kwenye DS.

Andersson aliuliza lile swali la pili. Programu yake ilisoma nguvu ya mkono, hivyo kwenye DS na DS Lite ukigusa kwa upole brashi ilitoa alama nyepesi, na ukikandamiza alama ilikolea au kupanuka. Dada zetu wachoraji wa hina wataelewa mara moja. Uzuri wa jani la hina uko kwenye kuminya na kulegeza koni. Mstari wenye unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho hauna uhai. Kile kioo cha bei ya mtoto kilimrudishia mchoraji uwezo ambao hapo kabla ulihitaji vibao vya gharama.

Kioo chenyewe kilikuwa kidogo: nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu, yaani kasoro kidogo nukta elfu hamsini. Simu ya kawaida ya leo ina nukta mara nyingi zaidi ya hizo. Kumbukumbu kuu ya kifaa ilikuwa megabaiti 4 tu. Kwenye udogo huo watu walipaka nyuso, bahari, matunda, mitaa yenye mvua, na kazi nyingine zilikuwa nzuri kiasi kwamba mtazamaji aliuliza kama kweli zimetoka kwenye gemu.

Jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya programu yenyewe, na hapo ndipo penye moyo wa hadithi yetu. Colors! haikuhifadhi picha peke yake. Iliweka kumbukumbu ya mipigo ya brashi kwa mpangilio wake, mmoja baada ya mwingine. Ukimaliza kazi yako uliweza kuirudia tangu mwanzo na kuona picha ikijijenga mbele ya macho. Palikuwa na ukumbi wa mtandaoni ambako wachoraji waliweka kazi zao, na mgeni yeyote aliweza kubonyeza na kutizama mchoro ukizaliwa.

Tufikirie msichana anayetizama picha ya bahari wakati wa magharibi. Anadhani mchoraji alianza na jua, kwa kuwa jua ndilo analoliona kwanza. Anabonyeza marudio na kukuta kwamba mchoraji alianza kwa kupaka kioo kizima rangi ya zambarau iliyofifia. Halafu michirizi mikubwa ya kahawia, mibaya, isiyofanana na chochote. Anaona ngalawa inachorwa, inafutwa, inachorwa tena upande wa pili. Anaona jua linawekwa karibu na mwisho kabisa, kwa miguso mitatu. Anajifunza mambo mawili kwa mara moja. La kwanza ni mpangilio wa kazi. La pili, ambalo kwa anayeanza ni kubwa zaidi, ni kwamba hata fundi hukosea na kufuta, na kwamba kazi nzuri ilipita kwanza kwenye hali ya ubaya.

Wangapi wetu tumeacha jambo jema kwa sababu jaribio la kwanza halikufanana na kazi ya fundi? Tulilinganisha mwanzo wetu na mwisho wake. Marudio yale yalimpa anayejifunza nafasi ya kulinganisha mwanzo na mwanzo.

Mlango wa nyuma

Sasa tuseme na upande wa pili, maana historia haikamiliki bila huo. Nintendo haikuruhusu kila mtu kuweka programu yake kwenye DS. Michezo iliuzwa kwenye katriji ndogo, na mtengenezaji alihitaji kibali cha kampuni. Colors! ya mwanzo haikuwa na kibali. Aliyeitaka alinunua katriji maalumu iliyotengenezwa na watu wengine, akaweka programu kwenye kadi ya kumbukumbu na kuichomeka humo.

Programu yenyewe ilikuwa kazi halisi ya mikono ya Andersson, hakumwibia mtu. Lakini katriji zile zile ndizo zilizotumiwa na watu wengi duniani kubebea michezo iliyonakiliwa bila kulipiwa. Julai 2008 Nintendo pamoja na kampuni 54 za michezo zilikwenda mahakamani Tokyo dhidi ya wauzaji wa katriji maarufu ya aina hiyo. Februari 2009 mahakama ikaamua kwa upande wao na kukataza uuzaji wake. Kwa hiyo chombo chema cha kuchorea kilikuwa kimesimama kwenye mlango mmoja na wale waliokuwa wakichukua kazi za watu bila malipo.

Jambo hili lisitupite hivi hivi. Kwenye kazi ya hina tunaliona kila msimu wa harusi. Mtu anachukua picha ya mikono iliyochorwa na mwenzake, anakata jina lililoandikwa pembeni, anaiweka kwenye ukurasa wake na kupokea oda. Bi harusi wa watu anafika siku yake akitegemea kazi ile, anapata nyingine kabisa. Huo ni udanganyifu kwa mteja na dhuluma kwa aliyechora. Hapa ndipo tunapoona faida nyingine ya marudio ya mipigo. Picha ni rahisi kuiba, lakini kumbukumbu ya namna ilivyochorwa ni vigumu kuidai kama hukuichora. Inasimama kama shahidi wa mwenye mkono.

Walimu wengine wakaja

Colors! haikubaki peke yake. Desemba 2008 Nintendo ilitoa huko Japani Flipnote Studio kwa ajili ya toleo jipya la gemu, DSi, na mwaka 2009 ikafika Marekani na Ulaya. Ilikuwa bure na ilitoka mlango wa mbele. Mtu alichora ukurasa baada ya ukurasa, kisha kurasa zikapita kwa kasi na mchoro ukatembea. Rangi zilikuwa chache mno: nyeusi, nyeupe, nyekundu na buluu. Watoto kwa maelfu walitengeneza filamu fupi na kuziweka kwenye huduma ya mtandaoni iliyoendeshwa na kampuni ya Kijapani ya Hatena. Kama mwenye kazi ameruhusu, mwingine aliweza kuichukua, kuifungua ukurasa kwa ukurasa na kuiendeleza. Tena ni lile lile: anayejifunza alionyeshwa ndani ya kazi.

Mwaka 2010 ikaja katriji ya Art Academy, iliyotengenezwa na studio ya Headstrong Games ya London. Hii ilikuwa na mwalimu wa kuchorwa, jina lake Vince, aliyemwongoza mwanafunzi hatua kwa hatua: chora kwa penseli kwanza, gawa nafasi, weka vivuli, ndipo upake rangi. Somo lilionekana kwenye kioo cha juu na mwanafunzi akafanya kwenye kioo cha chini. Watu wazima wengi ambao hawakushika brashi tangu skuli walikaa nalo jioni baada ya kazi.

Wakati huo huo simu nazo zilianza. Mwaka 2008 Colors! ilipata toleo la iPhone. Mwaka huo huo ilitoka programu nyingine ya simu iliyoitwa Brushes, nayo ikarekodi mipigo. Mchoraji Jorge Colombo aliitumia kwa kidole chake kuchora jalada la jarida la The New Yorker la tarehe 1 Juni 2009. Kioo cha simu kilikuwa kizuri na chenye rangi, lakini kidole hakina ncha, na simu zile hazikuhisi nguvu ya mkono. Kwa jambo hilo moja, lile gemu la watoto liliizidi simu ya bei kubwa.

Mlango wa mbele

Mwaka 2011 Nintendo ilitoa gemu lililofuata, Nintendo 3DS, ambalo kioo chake cha juu kiliweza kuonyesha picha yenye kina bila mtazamaji kuvaa miwani maalumu. Mwezi wa Aprili 2012 Colors! ikaingia rasmi kwenye duka la mtandaoni la Nintendo kwa jina la Colors! 3D. Ilichukua miaka mitano kutoka mlango wa nyuma hadi wa mbele. Sasa mtu aliilipia kwa bei ndogo, kwa njia iliyo wazi, na malipo yakamfikia aliyeitengeneza.

Toleo hili liliongeza matabaka matano. Mchoraji aliweka mbingu kwenye tabaka la nyuma kabisa, milima mbele yake, kisha miti, kisha ua moja karibu na mtazamaji, na kioo cha juu kikavionyesha vikiwa na umbali baina yao. Alichora chini kwa kalamu na kutizama juu. Nguvu ya mkono ilihisiwa kama zamani. Ukumbi wa michoro uliingizwa ndani ya programu yenyewe, na kila kazi ilikuja na marudio yake.

Mwezi ule ule wa Aprili 2012 makumbusho ya Louvre mjini Paris yalianza kutumia vifaa 5,000 vya Nintendo 3DS kuwa viongozi wa wageni, vikiwaelekeza njia na kuwaeleza sanaa zilizomo. Gemu la mtoto lilipita kwenye kumbi za wachoraji wakubwa wa dunia, mikononi mwa wageni. Miaka minane tu kabla ya hapo kioo cha aina hiyo kilikuwa cha kuchorea katuni kwenye basi.

Milango ilipofungwa

Kila kilicho mtandaoni kiko mikononi mwa anayekiendesha. Tarehe 31 Mei 2013 huduma ya Flipnote ya Hatena ilifungwa, na ule uwanja ambao watoto walikutana kwa michoro yao ukaondoka.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo, Nintendo ilisimamisha utumaji wa barua za kuchora kwa intaneti kwenye 3DS. Sababu tunaitaja kwa ajili ya kina mama: baadhi ya watoto walikuwa wakipeana namba za urafiki na watu wasiowajua, na huduma ikatumika kutumiana picha zisizofaa. Chombo kilichoonekana salama kwa kuwa ni "gemu tu" kilikuwa na mlango ambao wazazi hawakuujua. Mama mwenye binti anayechora kwenye simu leo aulize mambo mawili: anachora nini, na nani anamwona.

Tarehe 27 Machi 2023 duka la mtandaoni la 3DS liliacha kuuza. Tangu siku hiyo asiyekuwa amenunua Colors! 3D hana pa kuinunulia kwenye gemu lile. Aprili 2024 Nintendo ikafunga pia huduma zake za mtandaoni za michezo ya 3DS. Michoro mingi ya miaka ile imo ndani ya vifaa vyenyewe, kwenye kadi ndogo za kumbukumbu, ndani ya droo. Betri inavimba, kadi inapotea, mtoto anauza gemu, na kazi ya miaka inakwenda nayo.

Colors! yenyewe haikufa. Mwaka 2021 ilitoka upya kwenye Nintendo Switch kwa jina la Colors! Live. Kioo cha Switch ni kama cha simu, hakihisi mgandamizo, kwa hiyo ililetwa pamoja na kalamu ya SonarPen inayochomekwa kwenye tundu la spika za masikioni na kupeleka nguvu ya mkono kwa njia ya sauti. Miaka kumi na minne baadaye, swali lilikuwa lile lile: umekandamiza kiasi gani?

Hina yetu na mkono wetu

Kwa nini tumeyaeleza haya kwenye ukurasa wa mabibi harusi? Kwa sababu hina yetu ni kazi inayofutika. Wiki mbili baada ya harusi mikono ni mitupu. Kinachobaki ni picha kwenye simu, na tumekwisha kuona kwamba picha haifundishi mkono. Bibi aliyejua kuchora kikuku cha majani kwa pumzi moja akiondoka duniani, kikuku chake kinabaki kwenye albamu na njia ya kukichora inaondoka naye. Wengi wetu tayari tumezika mikono ya aina hiyo, Mwenyezi Mungu awarehemu, na hatukuuliza.

Huhitaji kutafuta gemu la zamani. Programu nyingi za kuchora za leo hurekodi mchoro tangu mwanzo, mfano ibisPaint, ambayo inapatikana bure kwenye simu za kawaida na huurudisha mchoro wako kama video. Kwa hiyo tunawashauri haya.

Anayejifunza achore ua moja kwenye simu kila siku, kisha atizame marudio yake mwenyewe. Ataona alipositasita na alipokosea mpangilio. Hina na piko zinagharimu, na kwenye ngozi piko ikishakauka haina kurudi nyuma. Kwenye kioo kufuta ni bure.

Mchoraji wa biashara aweke rekodi ya mitindo anayoibuni. Ni kinga yake siku mtu atakapodai kazi isiyokuwa yake, na ni somo atakalomwachia binti yake.

Bi harusi mtarajiwa, ukienda kuchagua mchoraji, mwombe akuonyeshe namna anavyochora, hata ua moja juu ya karatasi. Picha zilizokwisha zinaweza kuwa za mtu mwingine. Mkono utauona.

Na wewe uliye na bibi, mama mkubwa au shangazi mwenye kipaji hiki, mpelekee koni na karatasi nyeupe, umwombe achore taratibu, na umrekodi mikono yake tu, kwa ruhusa yake. Sauti yake ikiingia ikisema "hapa minya, hapa legeza," hiyo ni zawadi kubwa zaidi.

Tunajua mtauliza kuhusu kuchora. Suala la kuchora viumbe wenye roho wanazuoni wamelizungumza kwa urefu, na mwenye shaka amuulize shekhe au ustadhati wake anayemwamini. Lakini maua, majani, mizabibu, nyota za pembe nane na miraba inayofuatana ni uwanja mpana ambao mikono ya Waislamu imeupamba kwa karne nyingi kwenye misikiti, kwenye milango na kwenye vitabu. Msichana anaweza kuchora umri wake wote humo na asiumalize.

Kama una lile gemu kwenye droo, litoe leo. Lichaji, lifungue, uangalie kama watoto wako waliwahi kuchora kitu. Kitoe kabla betri haijafa. Na kama bibi yako yu hai, anza na bibi.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yetu, aijaalie iwe ya kheri, na awape mabibi harusi wetu wote maisha ya mapenzi na utulivu. Aamiin.

Tukutane tena inshaAllah.